Siku tano nyuma ya maji

Kabla sijaenda kupiga picha za maporomoko, masharti ya dada yangu yalikuwa mawili. La kwanza, nikichukua gari nimchukue na mwenye gari, maana klachi yake haitii mguu wa mtu mwingine. La pili, nikirudi nimchapishie picha moja kubwa ya kutundika sebuleni, na kuchagua atachagua yeye. Nilikubali yote mawili papo hapo, kabla hajakumbuka la tatu.

Mwenye gari ni shemeji yangu, fundi wa mabomba mtaani Umoja, Nairobi, mtu ambaye hata siku ya harusi yake mpiga picha alimtafuta kwa tochi. Gari lenyewe ni kuukuu, linavuta kwa magurudumu yote manne, na ndani linanuka gundi ya mabomba. Mimi nilikuwa na kamera, lenzi mbili, tripodi ya chuma ninayoilaani kila nikiibeba, na filta nyeusi ambayo shemeji aliiita miwani ya jua. Hakukosea sana. Ukitaka maji ya poromoko yatoke kwenye picha laini kama hariri, shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachoruhusu mwanga, lazima ikae wazi muda mrefu: nusu sekunde, sekunde mbili, hata thelathini. Mchana ukifanya hivyo bila filta picha yote inaungua, unabaki na karatasi nyeupe. Filta inakaba mwanga, shata inapata nafasi yake, maji yanajichora.

Tulichagua Juni kwa makusudi. Masika yameisha lakini mito haijapungua, na mawingu ya msimu wa baridi yanatandaza mwanga sawasawa. Watu wengi hudhani mpiga picha anaomba jua. Kwenye maporomoko jua kali ni balaa: povu linawaka, mawe yanakuwa meusi, katikati hakuna kitu.

Siku ya kwanza, Jumatano

Tuliondoka Umoja saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya Outer Ring ilikuwa tupu, ila wenye mikokoteni walikuwa wameshapanga mitungi yao ya lita 20, njano tupu, wakisubiri mahali ambapo bomba lina huruma. Kwetu maji hufunguliwa siku mbili kwa wiki, tena usiku, na Jumatano si mojawapo. Shemeji aliwapungia mkono. Anawajua karibu wote.

"Hawa ndio washindani wangu," akasema. "Mimi nikitengeneza bomba, wao wanakosa kazi. Lakini bomba likiwa zima na maji hayapo, sote tunakosa."

Thika tuliipita kukipambazuka, tukaingia barabara ya Garissa, tukayapita mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho, kisha tukakata kona Kilimambogo. Mlima wenyewe, Ol Donyo Sabuk, ulikuwa umevaa kofia ya wingu. Una mita 2,145 na juu kidogo ya ubavu wake amezikwa tajiri mmoja wa kikoloni, McMillan, aliyetaka azikwe kileleni, lakini waliomsindikiza walishindwa na mlima njiani wakamzika walipofikia. Shemeji alicheka mpaka akakosa gia.

Fourteen Falls niliinusa kabla ya kuiona. Nilikuwa nimezoea picha zake za mtandaoni: pazia la maji limegawanyika vipande kumi na vinne, mawe meusi, vijana wanajirusha kutoka juu. Hayo yote yapo. Mto Athi unafika pale ukiwa mpana, unakutana na ukingo wa mawe, unaanguka kama mita 27 kwa mkupuo. Ila ulikuwa na rangi ya chai iliyochemshwa mara ya tatu, na harufu ni ile ya mtaro wa nyuma ya soko asubuhi ya Jumatatu. Mto wa Nairobi unaingia Athi kabla ya hapa, na unakuja na kila tulichouachia: sabuni, mafuta ya gereji, vyoo, mifuko.

Kijana aliyejipa kazi ya kutuongoza alituonyesha mahali pa kukanyaga. Alikuwa na gambuti na sisi tulikuwa na viatu vya kawaida. Nikajua anayejua ni nani. "Mkubwa, maji yakikurukia usilambe midomo," akaniambia, kwa upole kabisa, kama mhudumu anayekuonya chakula ni cha moto.

Chini ya poromoko kuna kidimbwi ambapo maji huzunguka kabla ya kuendelea. Hapo povu lilikuwa limejaa. Povu zito, jeupe kwa juu na la kahawia pembeni, limekaa mabonge mabonge, upepo ukipiga bonge moja linakatika na kuruka kama pamba. Katikati ya povu palikuwa na chupa ya plastiki ya soda, imesimama wima, shingo nje, inazunguka polepole pamoja na vyote. Nilisimamisha tripodi, nikafunga filta, nikafungua shata sekunde thelathini, kwa mazoea tu, bila kufikiri.

Picha ilipotokea kwenye kioo nyuma ya kamera nilinyamaza. Povu lilikuwa limejizungusha likawa maua. Duara ndani ya duara, jeupe ndani ya jeusi, kama waridi kubwa limefunguka juu ya maji, na nyuma yake maporomoko yameshuka kama kanga zilizoanikwa. Hakuna harufu, hakuna rangi ya chai. Wingu lilikuwa limetandaza mwanga wa fedha juu ya kila kitu. Chupa tu ndiyo iliyobaki, kivuli chembamba, duara la kijani hafifu pembeni ya ua.

Shemeji aliinama akatazama. Akatazama povu. Akatazama tena kioo.

"Hii kamera yako ni mwongo," akasema.

Nilipiga nyingine kwa shata fupi, sehemu ya mia tano ya sekunde, na hapo kila bonge la povu lilitoka lilivyo, na uchafu wake, na magugu maji, na kiatu cha mtoto ambacho sikuwa nimekiona kwa macho. Picha mbaya. Namaanisha mbaya kwa kuangalia: haina pa kupumzisha jicho. Nilizihifadhi zote mbili.

Tulipokuwa tukipanda kurudi kwenye gari shemeji alisimama akageuka. "Unajua haya ni maji gani? Haya ni yale tuliyokwisha kuyatumia. Yametoka jikoni kwetu yakapita kwako, yakapita gereji, sasa yanaenda." Yanaenda mbali kweli: mbele huko Athi unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unaingia baharini karibu na Malindi. "Basi," akasema, "safari nzima tupande. Tuyatafute kabla hatujayashika."

Mimi nilikuwa nimepanga safari ya maporomoko mazuri. Yeye, kwa sentensi moja, akaipangua. Tulilala Thika.

Siku ya pili, Alhamisi

Asubuhi tulikunywa chai Blue Post, hoteli iliyopo tangu mwaka 1908, imekaa katikati ya mito miwili, Chania upande mmoja na Thika upande mwingine, kila mto na poromoko lake. Pazuri, pameshughulikiwa, vijia vimefagiwa. Nilipiga picha tano za poromoko la Chania na hakuna hata moja ninayoikumbuka. Nadhani kila mtu aliyewahi kushika kamera Kenya ameipiga picha hiyo hiyo kutoka kwenye kijia hicho hicho.

Kutoka Thika tulipanda kwa barabara ya Magumu. Hii ni barabara ya kupendwa. Ardhi inajikunja matuta kwa matuta, kila tuta lina mto wake chini, na kadiri unavyopanda mazao yanabadilika: migomba na maparachichi, kisha kahawa, kisha chai, chai mpaka jicho linachoka na kijani. Wachumaji walikuwa wamezama hadi kiunoni, aproni za plastiki kiunoni, vikapu mgongoni. Nilitaka kusimama kila kona. Shemeji alikubali kona tatu.

Yeye kilichokuwa kikimwasha ni kingine. Alinyoosha kidole upande wa kulia, kwenye matuta ya buluu. "Ndakaini iko nyuma ya pale." Bwawa la Ndakaini limeziba mto Thika na linabeba lita bilioni 70 likijaa, sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka humo. Yanapita kwenye handaki na mabomba hadi Ng'ethu kusafishwa, na kutoka Ng'ethu yanateremka hadi Gigiri, Nairobi, kwa uzito wake mwenyewe. "Hakuna pampu," shemeji aliniambia, kwa sauti ambayo wengine huitumia kanisani. "Mlima ndio pampu."

Baada ya msitu wa Kieni hewa ilibadilika ghafla, nikafunga dirisha. Njabini tulifika saa tisa alasiri na watu wote walikuwa wamevaa kofia za sufu na makoti mazito, mchana kweupe, kama waliotoka kulala. Kinangop ni nchi ya viazi, kabichi na maziwa. Malori yalikuwa yamepakia magunia ya viazi mpaka yameinama.

Bwawa la Sasumua tulilitazama kwa mbali. Ndani panataka kibali na hatukuwa nacho. Jioni ilituingiza katika kibanda cha chai, mukimo wa moto na supu, na mzee mmoja mwenye shamba linalopakana na msitu. Alitusimulia mambo ya ndovu. Kabla ya ua wa umeme, alisema, viazi vikikomaa familia nzima ililala shambani, wakigonga madebe usiku kucha. Ua huo una urefu wa karibu kilomita 400, umezunguka msitu mzima wa Aberdare, na ulikamilika mwaka 2009.

"Sasa mnalala?" nikamuuliza.

"Sasa tunalala. Ila bei ya viazi ndiyo haitulazi." Akaniomba nimpige picha. Nikampiga, akaiangalia, akasema nimemzeesha.

Siku ya tatu, Ijumaa

Betri mbili nilizilaza ndani ya soksi, ndani ya blanketi, pamoja nami. Baridi hula betri. Hilo nalijua. Nililolisahau nitalieleza.

Lango la Mutubio, la kuingilia hifadhi ya Aberdare, tulifika saa moja na nusu asubuhi. Malipo ni kwa simu, pesa taslimu hazipokelewi, na mtandao ulikuwa unakuja na kwenda; ushauri wangu ni ulipie Naivasha au Njabini kabla hujapanda, usije ukasimama pale umeinua simu juu kama mtu anayeapa. Kutoka langoni barabara inapanda kwenye mianzi, kona kwa kona, imefunikwa juu kama handaki. Mavi ya ndovu yalikuwa bado yanatoa mvuke. Shemeji alipunguza mwendo, akazima redio.

Kisha mianzi inaisha ghafla na unatokea juu, nyanda wazi, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Sijui niielezeje nchi ile kwa mtu wa Nairobi. Nyasi zimesimama mafungu mafungu, za rangi ya simba, vijito vyeusi vinapita katikati yake bila sauti, na miti ya ajabu imesimama kila mmoja peke yake, kigogo kimevaa majani makavu kama koti, juu kabisa kichwa cha kitu kinachofanana na kabichi. Lobelia nazo zimenyooka kama mishumaa ya manyoya. Kusini kwetu kilikuwa kilele cha Kinangop, mita 3,906, ingawa hatukukiona. Hatukuona hata mbele ya gari. Ukungu ulikuwa umeketi.

Wakikuyu huiita milima hii Nyandarua, ngozi iliyotandazwa ikauke, kwa umbo lake ukiitazama kutoka mbali. Siku hiyo ngozi ilikuwa imelowa. Nilikumbuka kwamba humu ndimo Dedan Kimathi na wenzake walimokaa miaka wakipigana na Mwingereza, kwa mavazi ya ngozi na bunduki za kujitengenezea, mpaka yeye alipokamatwa Oktoba 1956 upande wa Nyeri. Mimi nilikuwa na jaketi mbili na gari lenye hita, na meno yalikuwa yanagongana.

Poromoko la Karuru lina mita 273, limeanguka kwa ngazi tatu: 117, kisha 26, kisha 130. Unaegesha gari, unateremka kwa miguu, unafika kwenye jukwaa la mbao lililojengwa pembeni ya korongo. Tulifika saa nne kasoro na askari wa wanyamapori, bunduki begani. Mbele yetu palikuwa na ukuta mweupe. Chini ya ukuta, mbali sana chini, sauti. Hiyo ndiyo Karuru yangu ya saa tatu zilizofuata: sauti.

Nilisimamisha tripodi kabisa, nikaelekeza lenzi kwenye weupe. Askari aliegemea nguzo. Shemeji alitoa flaski.

Nadhani mpiga picha za mandhari hulipwa, kama analipwa, kwa kusubiri. Kubonyeza ni kazi ndogo. Lakini kusubiri na mtu asiyepiga picha ni kitu kingine. Saa tano shemeji aliniuliza kama ninaweza kupiga halafu ukungu nikautoa kwenye kompyuta. Saa tano na nusu alimuuliza askari kama kuna siku haufunguki kabisa. "Zipo nyingi," askari akajibu. Saa sita alinyamaza, akawa anasikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Hili poromoko haliendi sawa," akasema mwishowe. "Sikiliza. Kuna juu, kuna kati, kuna chini. Kati ni dogo."

Alikuwa amezisikia zile ngazi tatu. Sikuwa nimemwambia.

Saa saba kasoro dakika chache upepo ulipinduka. Kwanza kichaka mbele ya jukwaa kikaanza kuonekana, kisha jani moja moja, kisha ukuta ukapasuka kutoka chini kwenda juu kama mtu anayekunja pazia, na Karuru ikawa pale, yote, nyembamba na ndefu kupita kiasi, kamba nyeupe iliyoning'inizwa kwenye kijani cheusi. Mbele yake, ng'ambo ya bonde, poromoko jingine, Gura, lilionekana likichungulia kutoka kwenye mkunjo wa mlima. Wapo wanaosema Gura ni refu kuliko Karuru. Siku hiyo sikuwa na nafasi ya kubishana na mtu.

Nilibonyeza. Picha ya kwanza: ukungu mtupu. Nikabonyeza tena: ukungu. Poromoko liko wazi mbele yangu na kamera inaniletea maziwa! Hapo ndipo nilipokumbuka. Filta nilikuwa nimeitoa kwenye begi lililokaa mbele ya hita ya gari, nikaifunga ikiwa na joto, na kwa saa tatu ilikuwa imejikusanyia umande upande wa ndani, pale nisipopaona. Niliifungua kwa vidole visivyohisi kitu, nikaifuta kwa shati la ndani, nikaiweka mfukoni, nikapiga bila filta: tundu la lenzi dogo kuliko yote, robo ya sekunde. Mara nne. Betri ikapiga kelele. Nikatoa ya pili kwenye soksi. Mara mbili zaidi.

Kisha pazia likashuka. Askari alitazama saa yake akasema dakika kumi na moja, na kwamba tumebahatika.

Robo ya sekunde haigeuzi maji kuwa hariri. Inaacha nyuzi, unaona maji yakigawanyika yakikutana na jiwe, unaona mahali yanaporuka. Kati ya picha sita, mbili ni safi, na moja ndiyo bora niliyowahi kupiga maishani. Shukrani ziende kwa filta yenye umande.

Tulilala kwenye nyumba za mbao za Fishing Lodge, huko huko juu, kando ya mito yenye trauti, samaki walioletwa na wakoloni. Shemeji aliwasha moto, akaenda kwenye sinki, akafungua bomba. Akalifunga. Akalifungua tena. Maji yalitoka kwa nguvu, baridi ya kuuma, yamepauka kidogo kwa rangi ya majani ya mlimani. Akajaza kikombe akanywa chote akiwa amefumba macho.

"Presha," akasema.

Nje, mahali pa karibu sana, kitu kizito kilivunja tawi. Hatukutoka kukiangalia.

Siku ya nne, Jumamosi

Asubuhi askari mwingine alitupeleka kwenye poromoko la Chania. Ni dogo kuliko Karuru na ni la kirafiki zaidi, limezungukwa na miti yenye ndevu za kuvu, na unaweza kushuka hadi chini yake. Nilimwambia shemeji, kwa majivuno ya mtu aliyesoma ramani nusu, kwamba huu ndio ule mto tuliounywea chai Thika. Tumeufuata mpaka nyumbani kwake.

Askari alikohoa. "Hiyo ni Chania nyingine, mkubwa. Hii inashuka Nyeri, inaingia Sagana. Chania yenu ya Thika inatokea kusini, kule Kinangop. Mmeiacha Njabini juzi."

Mito miwili, jina moja, mlima mmoja. Tulikuwa tumelala jirani na maji yetu usiku mzima tukila mukimo bila habari. Shemeji alicheka hadi akalazimika kushika mti. Mimi nilipiga picha za Chania isiyo yangu, na nakiri zilikuwa nzuri: filta kavu, sekunde mbili, majani yaliyolowa yakimetameta kijani baada ya kufunga ile filta ya pili inayoua mng'ao. Hiyo ya kuua mng'ao, kama pesa ni za filta moja tu, ndiyo ununue kwanza.

Magura tuliliona pia, lile lenye pango nyuma ya maji. Nililowana, lenzi ikalowana, hakuna la kuonyesha.

Kuteremka kuelekea lango la Ruhuruini gari lilizama kwenye tope jekundu hadi kwenye mlango. Tulitumia saa moja na nusu, mawe, matawi, na zulia la miguu la dada yangu ambalo sasa haliko nasi tena. Mbega weusi kwa weupe walikaa juu ya mti wakitutazama bila kutoa mchango wowote. Nyeri tulipita tu, tukala chapati Mweiga, na Nyahururu tulifika usiku, tumechoka kiasi cha kulala na viatu.

Siku ya tano, Jumapili

Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu, na alfajiri yake ni ya wakimbiaji. Walitupita makundi makundi barabarani, miguu haigusi lami, na marehemu Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni ya Olimpiki mwaka 2008, alikuwa wa mji huu. Sisi wawili tulikuwa tukihema kwa kubeba tripodi.

Thomson's Falls ni mita 74, mto Ewaso Narok unaruka kutoka ukingoni mara moja bila kugusa mwamba. Jina ni la Joseph Thomson, Mskochi aliyepita hapa mwaka 1883, ambaye pia ndiye aliyeubandika mlima mzima jina la Lord Aberdare, mkubwa wa chama cha wanajiografia kule London. Wenyeji walikuwa wameshaipa nchi yao majina, lakini hawakuulizwa.

Juu pana maduka ya vinyago, wacheza ngoma waliopakwa rangi wanaolipwa ukipiga nao picha, na familia zilizovaa za kanisani. Kila mtu anapiga kutoka kwenye uzio ule ule. Tulishuka ngazi hadi chini, mteremko wa kuchosha magoti, na kule hapakuwa na mtu. Rasharasha zinakufuata mita nyingi. Nilifunika kamera na mfuko wa mkate, nikatoboa tundu la lenzi, nikawa nafuta kioo, nabonyeza, nafuta, nabonyeza. Picha ishirini na moja, moja haina tone.

Shemeji alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono kwenye magoti, uso umelowa. Alikuwa amepiga hesabu. "Dakika moja ya hili," akapaza sauti juu ya ngurumo, "ploti yetu inakunywa mwaka." Sijui kama hesabu ni sahihi. Nilimwambia haya hata hayaji kwetu: Ewaso Narok huingia Ewaso Ng'iro, na huo huenda kaskazini kwenye ukame mpaka kinamasi cha Lorian, na kwa kawaida hauioni bahari. Alifikiri kidogo. "Ni sawa," akasema. "Kule wanayahitaji zaidi."

Tulirudi kupitia Ol Kalou na Njabini. Njabini alisimamisha gari bila kuniuliza, akamwuliza mwenye bodaboda Chania iko wapi, na tukaenda kuiona. Ni kijito. Kilikuwa kikipita chini ya daraja la miti, safi, chembamba, mwanamke akichota kwa debe. Mwanga ulikuwa umekwisha. Sikutoa kamera.

Umoja tuliingia saa mbili usiku. Bomba lilikuwa kavu, lakini dada alikuwa ametuwekea beseni la maji ya moto, kisha akauliza zulia lake liko wapi. Baada ya hayo kumalizika nilifungua kompyuta mezani. Nikamwonyesha Karuru kwanza, ile ya robo sekunde. Akasema ni nzuri lakini ina giza. Thomson's akasema hiyo ameshaiona kwenye kalenda. Chania akaipita. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii. Hii ya maua meupe."

Shemeji alitazama dari.

"Hiyo ni povu," nikamwambia. "Ni Fourteen Falls. Ni maji machafu ya Nairobi, dada, kunanuka pale huwezi kusimama." Nikamfungulia ile ya shata fupi, yenye kiatu cha mtoto, aone.

Aliitazama muda mrefu kidogo. Akarudi kwenye maua.

"Nataka hii," akasema. "Ila hapa pembeni kuna chupa. Hiyo si unaweza kuitoa?"